Kiti cha Gari Si Kiatu

Likizo ile kila asubuhi yangu ilianza kwa ugomvi. Saa moja, hata uso sijamaliza kunawa, Shangazi alikuwa ameshagonga dirisha letu. "Wewe! Magari hayajioshi yenyewe!" Nilitoka nimenuna, kandambili moja haijaingia vizuri mguuni, nikamfuata hadi kwenye uwanja wake wa kuosha magari, nyumba tatu kutoka kwetu.

Uwanja ule ulikuwa na sakafu ya saruji iliyoinama kidogo kuelekea kwenye mfereji, bomba moja lenye mpira mrefu, na banda la mabati. Gari likishaoshwa nje, liliingizwa bandani kusafishwa ndani. Mimi nilipewa mikeka ya miguuni. Niliikung'uta, nikaisugua, nikaisuuza na kuianika kwenye waya. Kazi ya mikeka haina sifa hata kidogo. Sijawahi kumsikia mteja akisema, "Jamani, mikeka hii kaisafisha nani?"

Kazi yenye sifa ilikuwa viti vya ngozi, na hiyo ilikuwa ya Dada Mkavu. Tulimwita hivyo kwa sababu uso wake haukucheka. Ulikuwa mwaka wake wa tatu kama kibarua wa Shangazi. Hakuwa ndugu yetu. Aliishi mtaa wa nyuma na wadogo zake wawili, ambao aliwalea peke yake kwa kazi hiyohiyo. Mdogo wa mwisho alisoma darasa moja nyuma yangu.

Mimi na Dada Mkavu tulikuwa hatupatani kabisa. Nikisogelea mlango wa gari tu, alisema bila hata kugeuka, "Kiherehere, rudi kwenye mikeka yako." Jina hilo likaninata. Wateja nao wakaanza: "Kiherehere, nipe maji. Kiherehere, funguo zangu ziko wapi?" Nilimchukia dada yule, na leo sioni sababu ya kuficha.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba mimi ngozi ninaijua! Baba yangu ni fundi viatu. Tangu nikiwa na miaka saba nimekuwa nikikaa naye kibandani kwake, nikishika brashi. Hanunui dawa ya viatu dukani. Huipika mwenyewe kwa nta, rangi na tapentaini, kisha huimimina kwenye makopo. Kiatu kikitoka mikononi mwake, unaweza kujitazama humo ukachana nywele. Sasa Dada Mkavu alitumia saa nzima kukipapasa kiti kwa povu kama anayeogesha kichanga, na mwisho wa yote kiti hakikung'aa.

Siku moja nilimwambia, "Mbona hakimeremeti?"

"Ngozi nzuri haimeremeti kama sahani," alijibu. "Rudi kwenye mikeka."

Nikajisemea moyoni, huyu hajui kazi. Ipo siku nitamwonyesha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Saa mbili alikuja mteja aliyevaa suti ya rangi ya maziwa, imenyooka, haina kunyanzi hata moja. Gari lake lilikuwa na viti vya ngozi ya kahawia. Hakutusalimu. Alisema atarudi saa nne kwa sababu alikuwa na mkutano, akaondoka kwa miguu huku akikwepa madimbwi yetu kama paka. Papo hapo tukampa jina: Bwana Suti.

Dada Mkavu alivuta vumbi kwa mashine, akasafisha viti kwa povu lake, akavikausha kwa kitambaa, kisha akaacha milango wazi. "Vikauke kivulini kwanza, ndipo nipake krimu ya kulainisha," alimwambia Shangazi. Alipofungua kopo la krimu akalikuta tupu. Shangazi akamtuma dukani, naye mwenyewe akaenda mbele ya uwanja kuzungumza na dereva mwingine.

Nikabaki peke yangu bandani na viti vile vimepauka, havina mng'ao wowote.

Nilikimbia nyumbani. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilichukua kopo la Baba la dawa ya kahawia, brashi na kitambaa, nikarudi mbio. Nikapaka kiti cha dereva, nikapaka na cha abiria wa mbele, nikasugua kwa nguvu mpaka bega likauma. Loo! Viti vikameta kama viatu vya siku ya kwanza ya shule. Nilikuwa najiandaa kuingia nyuma niliposikia sauti ya Bwana Suti. Alikuwa amewahi. Nikachupa nje, nikasukuma kopo nyuma ya ndoo.

Shangazi alichungulia ndani ya gari, macho yakamtoka kwa furaha. "Ehee! Huyu msichana wangu leo amejipita mwenyewe!"

Alimaanisha Dada Mkavu. Mdomo uliniwasha kusema ni mimi, lakini Bwana Suti alikuwa ameshaketi, ameshafunga mlango, ameshaondoka.

Dakika chache baadaye Dada Mkavu alirudi na krimu. "Gari liko wapi? Sijapaka chochote!"

"Krimu ya nini tena?" Shangazi alicheka. "Viti vilivyong'aa vile!"

"Viling'aa?" Dada Mkavu alirudia neno hilo polepole. Kisha akanitazama. Nilizamisha mikono kwenye ndoo ya sabuni mpaka viwikoni na kujifanya natafuta brashi.

Saa tano na nusu tulisikia honi, ndefu, ya hasira. Gari la Bwana Suti liliingia uwanjani kwa kasi, nusura limkumbe dereva aliyekuwa akisubiri zamu yake. Bwana Suti alishuka. Aligeuka tu, akatuonyesha mgongo.

Toba! Kuanzia mabegani hadi nyuma ya magoti suti ilikuwa na madoa makubwa ya kahawia, na hapo anapokalia sitaki hata kupaeleza. Dereva yule alicheka kwa sauti. Bwana Suti akamgeukia, kicheko kikafa.

"Nimesimama mbele ya watu arobaini," alisema. "Nikageuka kuandika ubaoni. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilidhani wamefurahia nilichoandika! Nani amepaka uchafu huu kwenye gari langu?"

Shangazi alipitisha kidole juu ya kiti cha dereva, akakiinua kikiwa cha kahawia. Uso wake ukabadilika. "Dada Mkavu! Njoo hapa!"

"Mama, mimi sikupaka kitu," alisema Dada Mkavu. "Nilisafisha nikaviacha vikauke. Krimu yenyewe hii hapa, hata kizibo sijakifungua."

"Basi vimejipaka vyenyewe? Viti ni kazi ya nani hapa?"

"Ni kazi yangu."

"Nani mwingine aligusa viti?"

Dada Mkavu alinyamaza. Shangazi akanigeukia. "Na wewe ulikuwa wapi?"

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu lingetosha. Lakini Bwana Suti alikuwa amevimba kwa hasira, na Shangazi mkono uko kiunoni, nikaogopa. Isitoshe, kulikuwa na kisauti kibaya ndani yangu kilichosema: acha leo na yeye aonje.

"Nilikuwa kwenye mikeka," nikasema.

"Umesikia?" Shangazi alimwambia Dada Mkavu. "Mtoto yuko kwenye mikeka yake. Wewe umenichafulia jina mbele ya mteja, halafu unanidanganya usoni. Nenda. Sitaki kukuona hapa tena, leo wala kesho."

Dada Mkavu aliweka krimu juu ya meza, taratibu. Alinitazama mikono, akanitazama na uso. Kisha akatoka kupitia geti, hakugeuka nyuma. Alikuwa amemwaga unga, hivihivi nikiona. Nilikuwa nimeisubiri furaha hiyo likizo nzima, na ilipofika haikuwa na ladha yoyote. Nilichofikiria ni yule mdogo wake wa shule, kwamba atamwona dada yake amerudi nyumbani mapema na kumuuliza kwa nini.

Bwana Suti alitupa funguo mezani. "Saa kumi ninarudi, nina wageni wa kuwabeba. Nikikuta viti havijarudi kama vilivyokuwa, ofisi yetu yote itajua uwanja huu ni wa namna gani."

Alipoondoka, Shangazi alikamata brashi ya kusugulia matairi na sabuni ya unga ya kufulia. Alisugua pembeni mwa kiti mara mbili tatu. Dawa haikutoka. Ilisambaa, ikaanza kujaza vile vitundu vidogo vidogo vilivyo katikati ya kiti. Akaogopa, akaitupa brashi chini.

"Nampigia kaka," alisema. Kaka ni Baba yangu. Kwa kawaida Shangazi na Baba wakikutana hugombana mpaka juu ya hali ya hewa, kwa hiyo ukiona anampigia simu, ujue maji yamemfika shingoni. "Yeye ni mtu wa ngozi. Atajua hiki ni kitu gani."

Akapiga, na Baba akajibu kwamba anakuja. Baba angejua bila hata kuvaa miwani. Dawa ile aliipika yeye.

Sitajisifu. Si kwamba nilisema ukweli kwa sababu ni jasiri. Nilisema kwa sababu Baba alikuwa njiani na nilikuwa nimebanwa.

"Shangazi," nikasema, "ni dawa ya viatu. Ni ya Baba. Nimepaka mimi."

Shangazi alinisogelea. Nilitegemea kofi. Badala yake alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Umesubiri mpaka nimemfukuza," alisema. "Umesimama pale, unatazama."

"Nisamehe, Shangazi."

"Usiniombe mimi! Kimbia kamlete. Ni yeye tu anayeweza kuviokoa hivi viti. Mwambie... mwambie nimemsamehe, arudi kazini, yaishe."

Nilikimbia hadi mtaa wa nyuma. Dada Mkavu alikuwa ameketi kizingitini, mdogo wake pembeni, majirani wawili wanafua nguo pale uani. Nilijua wote wananisikiliza. Nikafungua mdomo kutoa ujumbe wa Shangazi, nikaona siwezi. Amsamehe nini?

"Dada, hukukosea chochote," nikasema, nikihema. "Ni mimi niliyepaka. Dawa ya viatu ya Baba. Halafu nikadanganya."

Mmoja wa wale waliokuwa wakifua aliacha kufua. Mdogo mtu alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau haraka.

"Nilijua," alisema Dada Mkavu. "Umeficha mikono kwenye ndoo, ukasahau kucha."

Nilizitazama kucha zangu. Zote kumi zilikuwa za kahawia.

"Sasa mbona hukusema?"

"Nani angeniamini? Wewe ni damu yake. Mimi ni kibarua." Alisimama. "Nitakuja. Siji kwa ajili yako wala yake. Nakuja kwa sababu vile viti ni kazi ya mikono yangu na sitaki viharibike. Na mteja akija, hayo uliyoyasema hapa utayarudia mbele yake, kwa sauti hiyohiyo."

Tulipofika tulimkuta Baba tayari bandani. Shangazi alikuwa ameshampa za uso, naye amezirudisha.

"Ningejuaje kwamba atachukua kopo?" Baba alikuwa akilalamika. Kisha akaniona. "Tutaongea nyumbani," aliniambia, na nilijua maana yake. Mkononi alikuwa na kitambaa cheupe na kichupa cha petroli. "Pisheni. Dawa hii sisi mafundi huifuta kwa petroli, dakika mbili."

"Shikamoo, fundi," alisema Dada Mkavu, "lakini hapo usiguse."

"Marahaba. Binti, mimi nimeshika ngozi miaka ishirini!"

"Ngozi ya viatu. Hii ya gari imepakwa rangi juu, na juu ya rangi kuna utando mwembamba wa kuilinda. Kiatu kinakunywa dawa. Kiti hakinywi, ndiyo maana dawa yako imebaki juu ikingoja suti ya mtu. Ukipaka petroli utando unaondoka, na rangi inaufuata."

"Maneno hayo."

"Basi jaribu. Lakini jaribu kule chini nyuma ya kiti, mahali pasipoonekana. Huko huyu hakupaka kitu."

Baba aliinama akiguna, akafuta sehemu ndogo kama ukucha. Alipoinua kitambaa, kilikuwa na doa la kahawia.

"Umeona? Dawa inatoka," alisema Baba.

"Huko hakuna dawa, fundi. Hiyo ni rangi ya kiti."

Baba alikitazama kitambaa, akakitazama kiti. Alifunga kichupa chake, akakipeleka nje mbali na gari. Shangazi alitaka kucheka, lakini siku ile haikuwa yake pia.

Dada Mkavu akashika usukani wa kazi, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Aliagiza maji ya uvuguvugu kwenye mabeseni mawili. Katika moja alitia sabuni laini, ile ya ngozi, akapiga mpaka ikafanya povu. Alitumia povu tu, maji yenyewe hakuyapeleka kwenye kiti. Alichukua brashi ya nywele laini, akazungusha polepole kwenye eneo dogo la kiganja kimoja, akapangusa hapohapo kwa kitambaa chenye unyevu, akakausha kwa kingine. Kitambaa kikigeuka kahawia alikitupa kando na kuchukua kisafi.

"Kwa nini usimwagie maji yakaondoka yote?" nikauliza.

"Maji yakiingia kwenye vitundu yanafika kwenye sponji. Ngozi itakakamaa, na ndani kutanuka uvundo." Alinipa kijiti cha meno kilichozungushiwa pamba. "Vitundu ni vyako. Kimoja kimoja. Usichimbe, zungusha tu."

Jamani, umewahi kuvitazama vitundu vya kiti cha gari? Ni vingi kuliko wanafunzi wa shule nzima! Mgongo uliniuma, macho yakaniuma, na kila nikitaka kuharakisha nilisikia, "Polepole, Kiherehere." Baba alisuuza vitambaa. Shangazi alibadilisha maji. Hakuna aliyepiga soga. Ilipofika saa tisa vitambaa vilitoka vyeupe. Tukaacha milango wazi kivulini mpaka viti vikakauka, ndipo Dada Mkavu akachukua krimu, tone dogo kwenye kitambaa, akapaka kwa wepesi, akaacha kidogo ikaingia, akapangusa iliyobaki. Viti havikumeremeta. Vilikuwa na rangi tulivu, na ukivigusa unahisi ulaini. Kwa mara ya kwanza nikaelewa alichokuwa akitafuta siku zote.

Saa kumi kamili Bwana Suti alikuja, safari hii amevaa nguo nyeusi. Alitoa leso nyeupe mfukoni, akaisugua kwenye kiti cha dereva kwa nguvu kama anayetaka kutoboa. Akaitazama upande huu, akaitazama upande ule. Ilikuwa nyeupe pe.

Dada Mkavu alinigusa bega kwa kidole.

Nikajitokeza. "Bwana, aliyepaka viti vyako ni mimi. Nilipaka dawa ya viatu bila kumuuliza mtu. Halafu nikasema uongo, dada huyu akafukuzwa kwa kosa langu. Naomba unisamehe."

Nilitegemea atasema, basi mtoto, yamekwisha. Hakusema hivyo.

"Watu arobaini," alisema. "Hiyo huwezi kuisafisha kwa povu." Aligeuka kwa Dada Mkavu. "Viti umevifanya vizuri. Nikija tena, uguse wewe tu." Akaingia ndani ya gari, akaondoka.

Nilibaki nimesimama machozi yakinitoka. Shangazi alikuja mbele yangu, akaninyanyua kidevu.

"Lia, lakini sikiliza. Kupaka ilikuwa ujinga, na ujinga unatibika kwa kuuliza. Kitu usichokijua, uliza kwanza. Ukijaribu, jaribia mahali padogo pasipoonekana, kama baba yako alivyofundishwa leo akiwa na ndevu zake. Lakini ule uongo haukuwa ujinga. Ulijua unachofanya. Ungesema palepale, tungepoteza suti ya mtu. Ulinyamaza, ikabaki kidogo tumpoteze na dada huyu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na wewe, mama?" Sauti ilitoka nyuma yetu. Dada Mkavu alikuwa amesimama wima, mikono imelowa. "Somo ni la mtoto peke yake?"

Baba alikohoa. Shangazi aligeuka. Alifungua mdomo kwa ukali, nikadhani atamfukuza mara ya pili. Akaufunga. Madereva wawili walikuwa pale kwenye bomba wanasikiliza, naye aliwaona. Angeweza kusubiri waondoke. Hakusubiri.

"Hapana," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi getini. "Langu ni kubwa zaidi. Umenifanyia kazi miaka mitatu na sijawahi kukukuta na uongo. Leo nimeuliza swali moja tu, nikaamini jibu la ndugu yangu kwa sababu ni ndugu yangu. Nimekuonea, mbele za watu. Kwa hiyo mbele za watu nakuomba radhi. Nisamehe, mwanangu."

Dada Mkavu alikausha mikono kwa kitambaa, uso wake uleule usiocheka.

"Nimekusikia, mama," alisema. "Kesho saa moja nitakuwa hapa. Kusamehe bado."